Kitabu gani kitamfaa mtoto wa miaka saba anayedhani fedha hutoka kwenye simu?

MamaWaUmoja aliuliza:

Hamjambo wenzangu. Binti yangu ana miaka saba na yuko gredi ya pili. Juzi aliniomba viatu vyenye taa, na nilipomwambia kwamba sina pesa, alinitazama kama mtu anayedanganywa, akaichukua simu yangu mezani, akanikabidhi na kusema, "Si ubonyeze tu, Mama?" Hapo nikatambua kwamba tangu azaliwe amekuwa akiniona nikilipia mboga, nauli ya matatu na karo kwa kubonyeza, na hajawahi kuniona nikipungukiwa, kwa sababu siku hizo mimi hujificha. Nilienda mjini nikanunua kitabu cha hadithi kilichotoka ng'ambo, lakini mtoto wa humo hupewa sarafu kila wiki bila kufanya lolote, kisha huzitia ndani ya nguruwe wa kaure, na swali pekee la binti yangu lilikuwa ni kwa nini nguruwe yule hashibi. Je, mnajua kitabu kinachoyaeleza mambo haya kwa namna ambayo mtoto wa Nairobi ataielewa?

Mwalimu_GrediYaTatu alijibu:

Mama, hata darasani kwangu hali ni hiyo hiyo. Katika mtaala wa umilisi, fedha hufunzwa ndani ya hisabati tangu gredi ya kwanza, ambapo watoto hutambua sarafu na noti na kucheza mchezo wa duka. Mchezo huo humfunza mtoto kuhesabu chenji, lakini haumfunzi kungoja, na kungoja ndiko kunakohitaji hadithi. Mimi hutumia *My Rows and Piles of Coins* cha mwandishi Mtanzania Tololwa Mollel, kilichochapishwa mwaka wa 1999. Mvulana aitwaye Saruni humsaidia mamake kupeleka bidhaa sokoni, na sarafu anazopewa huziweka akiba ili anunue baiskeli. Ukurasa ninaoukawilia ni ule anapofika kwa muuza baiskeli na akiba yake yote, akachekwa kwa kuwa haitoshi hata kidogo. Hapo hufunga kitabu na kuwauliza watoto wangefanya nini. Mwaka jana mmoja alijibu, kwa uzito wote, kwamba angeanza na gurudumu moja. Kitabu ni cha Kiingereza, lakini kinasimulika kwa Kiswahili bila taabu.

MuuzaVitabu_Mjini alijibu:

Mimi huuza vitabu vilivyotumika, navyo huvitandaza kando ya barabara katikati ya jiji. Nina ushauri mmoja tu: kabla ya kulipa, fungua penye picha za sarafu. Katiba ya mwaka wa 2010 ilikataza fedha zetu kubeba sura ya mtu yeyote, na sarafu mpya zilipotolewa Desemba 2018 zikaja na wanyama: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi na ndovu kwenye ishirini. Noti mpya zikafuata mwaka wa 2019. Vitabu vingi vya mazoezi ninavyoletewa bado vina sura za marais, na ingawa sarafu za zamani zinapokewa hadi leo, mtoto anayeanza kujifunza atachanganyikiwa. Hadithi haina shida hiyo, kwani kungoja kwa Saruni hakujabadilishiwa noti.

BabaMapacha alijibu:

Naomba kumpinga Mwalimu kidogo, kwa heshima. Hata katika kitabu hicho, babake Saruni ananunua pikipiki, anamuuzia mwanawe baiskeli yake ya zamani, kisha mvulana anarudishiwa pesa zake zote. Ni mwisho mtamu, lakini wanangu wakaanza kungoja na wao warudishiwe. Vitabu vya watoto hupenda kuzungumzia akiba na kulikwepa deni, ilhali mtoto wa mtaani kwetu huliona deni kila jioni kwenye daftari la mwenye duka, ambamo mkate na maziwa huandikwa kwa kalamu na kukatwa mwisho wa mwezi. Mimi niliwanunulia mapacha daftari kama hilo. Ninapolipa kwa simu, wao huusoma ujumbe unaoingia na kuandika salio lililobaki pamoja na ada iliyokatwa. Siku ya kwanza walikasirika sana kuhusu ile ada, wakataka kujua ni nani aliyeichukua na kwa ruhusa ya nani.

MamaWaUmoja alijibu:

Nawashukuru nyote. Mwalimu, hicho cha Saruni nitakitafuta Jumamosi, na nikifika penye kicheko cha muuza baiskeli nitafunga kitabu kama ulivyosema. BabaMapacha, daftari tumelianza jana. Mstari wa kwanza ni sukumawiki ya shilingi thelathini, na wa pili ni viatu vyenye taa, ambavyo binti yangu ameviandika mwenyewe na kuacha nafasi ya bei. Nilimwaga pia sarafu za mkobani juu ya meza ili atafute wanyama wa MuuzaVitabu. Aliwapata wote isipokuwa kifaru, na sasa anadai kwamba ndovu mmoja ni sawa na simba wawili.