Ukoo wa Bi Saumu, Makorora, Tanga: usiku wa achari na dema

Mwanahawa (2:06 usiku): Shikamooni wakubwa zangu. Bibi, shikamoo. Nina shida na nyote. Kesho nafundisha kidato cha pili nahau za Kiingereza za mtu aliyekwama. Juzi niliwapa tisa, na mbele ya kila moja wakaandika "kuwa matatani". Tisa zote! Imeniuma, maana hazilingani hata kidogo.

Mama Mdogo Rukia: Marahaba mwanangu. Zikoje hizo?

Mwanahawa: Ya kwanza, Mwingereza anasema mtu yumo ndani ya achari.

Mama Mdogo Rukia: Achari hii ninayotia kwenye chupa?

Mwanahawa: Hiyo hiyo mama, ya siki na chumvi. Shakespeare aliitumia kwenye tamthilia iliyochezwa mbele ya mfalme wao 1611. Mlevi anaulizwa kaingiaje humo. Siku hizi ni shida ya kadiri tu, haiui mtu.

Idrisa: Namwandikia Bibi, miwani haionekani. Anasema: "Marahaba mjukuu wangu. Mwambie huyo kalikoroga, atalinywa."

Mwanahawa: Hapana Bibi, nisamehe. Kalikoroga ni kosa lake mwenyewe. Wa kwenye achari huenda hana kosa.

Idrisa: Bibi: "Basi mambo yamemwendea kombo."

Mwanahawa: Hilo limekaa! Naandika.

Mjomba Mbwana: Nimetoka pwani sasa hivi. Mnazungumza nini mbona ujumbe arobaini?

Mwanahawa: Shikamoo mjomba. Kuna moja ya baharini, yako hii: kuwa baina ya shetani na bahari kuu.

Mjomba Mbwana: Marahaba. Sokoni Deep Sea tunauza samaki kila asubuhi, shetani sijamwona 😀 Ila nimeelewa. Ukirudi balaa, ukienda balaa.

Mwanahawa: Ndiyo. Mwanafunzi mmoja kaandika "njia panda".

Mjomba Mbwana: Kakosea. Njia panda moja yaweza kuwa nzuri, hujui tu ni ipi. Huyu anajua zote mbili mbaya. Usimpe alama.

Mama Mdogo Rukia: Mpe nusu jamani, katafakari kuliko wa "matatani".

Mwanahawa: Nusu nitampa.

Idrisa: Dada, ile ya manyigu usiisahau. Kuchokoza kiota cha manyigu.

Mjomba Mbwana: Hiyo wafundishe kwa mji wao. Novemba 1914 Waingereza waliteremka Ras Kazone na askari kama 8,000, wengi kutoka India. Wajerumani na askari wao Waafrika walikuwa kama 1,000. Risasi zikapita kwenye mizinga ya nyuki, wakatoka, wakauma wa huku na wa huku. Waingereza wakarudi melini. Wenyewe mpaka leo wanaviita vita vya nyuki.

Mwanahawa: Mjomba, nina wanafunzi wanaokaa hukohuko Ras Kazone na hawalijui hili. Kesho nalianza nalo.

Idrisa: Na mimi yangu ni ya Catch-22. Ni riwaya ya Joseph Heller, Mmarekani, 1961. Rubani mwenye wazimu ana haki ya kutorushwa vitani, lakini lazima aombe. Akiomba, wanasema anaogopa kufa, basi ana akili timamu, arushwe.

Mama Mdogo Rukia: Eeh, kama wewe na kazi.

Idrisa: Hasa mama. Wanataka uzoefu wa miaka miwili ndipo wakuajiri. Nitaupata wapi na hakuna anayeniajiri? Nimeambiwa hivyo ofisi tatu sasa. Si kwamba sijitahidi.

Mama Mdogo Rukia: Tunajua mwanangu. Hakuna humu anayesema hujitahidi.

Idrisa: Bibi anasema: "Mume wangu hajakosa kitu, mlango ndio umekosewa na fundi."

Mwanahawa: Bibi!! Hilo ndilo. Mwenye achari hana ila shida, huyu ana kanuni inayomfunga. Lakini kwa Kiswahili tuliite nini? "Kukalia kuti kavu" halifai, kuti kavu ni hatari ya kuanguka. Huyu haanguki, haendi.

Mjomba Mbwana: Dema, mtego wetu wa samaki.

Mwanahawa: Fafanua mjomba.

Mjomba Mbwana: Ukilitazama dema, mlango wake mpana nje, halafu unasongoka kwenda ndani. Changu anaingia taratibu, anafuata chambo, hakuna aliyemsukuma. Akitaka kutoka anazunguka pembeni mwa kuta, na tundu liko katikati pale alipopitia. Mlango ni ule ule mmoja. Wa kuingilia anauona, wa kutokea haoni.

Idrisa: 👏

Mwanahawa: Na kinamasi je? Magazeti ya Marekani yaliita vita vya Vietnam hivyo.

Mjomba Mbwana: Tope la mikoko. Kule ukipiga mateke unazama zaidi, inabidi ulale ubavu, uvute mguu mmoja mmoja. Si dema hilo. Dema halikuvuti chini.

Mwanahawa: Sasa nimepata. Sitawapa orodha tena. Kila nahau nitawauliza nani kamtia humo, na anatokaje. Mjomba, nina ombi.

Mjomba Mbwana: Unataka dema.

Mwanahawa: Nalitaka. La zamani tu, nilibebe mpaka darasani.

Mjomba Mbwana: Lipo moja uani, ubavu mmoja umechanika. Nipitie saa kumi na mbili na nusu kabla sijashuka pwani. Idrisa akusaidie kubeba.

Idrisa: Nitakuja. Bibi anauliza kama achari nayo inapelekwa.

Mama Mdogo Rukia: Ya embe, chupa moja. Waambie waionje kabla ya kuandika.