Picha za mahakamani zisifanane na za polisi: mnafanyaje?

Mwanagenzi_Ngara: Wakuu, ruhusa ya maandishi ya kupiga picha mahakama ya Milimani, Nairobi, ninayo, korido na chumba kimoja. Shida ni kwamba kila picha ya majaribio inamwonyesha mshtakiwa kama keshafungwa. Natumia lenzi ya kuvuta mbali, milimita 70-200, nasimama nyuma mlangoni. Nibadilishe nini?

Kizimbani: Mahali unaposimama. Milimita 200 kutoka mlangoni, mwenyewe hana habari, hiyo ni kamera ya ulinzi tu. Ukikata picha ibaki kichwa na mabega tu, mbele na ubavuni, umerudia mtindo wa Alphonse Bertillon, karani wa polisi wa Paris aliyeupanga miaka ya 1880. Umbo hilo linasema "mhalifu" hakimu hajafungua mdomo. Weka lenzi ya milimita 35, msogelee, shuka usawa wa macho yake, kisha piga anakotazama yeye: meza ya hakimu iliyoinuliwa, rundo la mafaili, askari aliyeegemea mlango. Mweko (flashi) uzimwe. Shata ya kielektroniki haina kelele, ila chini ya taa za mirija huleta mistari, maana umeme wetu ni hezi 50. Baki kwenye kasi ya shata ya 1/50 au 1/100 ya sekunde.

Wakili_wa_Mtaa: Uliza kwanza kama gwaride la utambuzi, pale shahidi anapomchagua mshukiwa kati ya watu waliopangwa mstari, limeshafanyika. Shahidi akiiona sura hiyo mtandaoni kabla, wale wanane wanaopangwa naye ni pambo; atamtambua wa kwenye simu. Na mtu mwenye pingu, askari pembeni, akikwambia "sawa tu," hiyo si idhini. Pitia kwa wakili wake, na aweze kukataa hadi siku ya kuchapisha. Watoto usiwapige picha kabisa.

Faili_Bapa: Kuficha uso kwa ukungu hakutoshi, kuna programu zinazolinganisha sura hata hivyo. Funika kwa mraba mweusi na uhifadhi kama JPEG, si faili yenye tabaka, mtu asije akauondoa. Angalia pia tatuu na shati. Majirani huvijua kuliko uso. WhatsApp hufuta data za mahali ukituma kama picha, ukituma kama dokumenti zinabaki. Picha asilia zifunge kwa nenosiri: folda ya nyuso za washtakiwa ni daftari ambalo polisi wangelipenda sana.

Mwanagenzi_Ngara: Nikikaa chini pale mbele, karani hatanitimua?

Kizimbani: Mwone kabla ya saa tatu akuonyeshe pa kukaa. Hakimu akishaingia, usihame.