Mjadala: Mafuta ya mbono kaburi (jatropha) yaingie kwenye injini za dizeli?

Mleta mada: Mashine za kusaga na pampu za kumwagilia vijijini ziendeshwe kwa mafuta ya mbono kaburi. Mbegu tunazo, dizeli inatumaliza. Anayepinga aseme sababu.

Fundi nozeli: Mabichi napinga kabisa. Ni mazito mara kumi hivi kuliko dizeli, kwa hiyo nozeli, kile kinyunyizio cha mafuta ndani ya injini, inatema matone badala ya ukungu. Matone hayaungui yakaisha: masizi yanaganda kwenye ncha, ringi za pistoni zinanata, mengine yanashuka kwenye oili mpaka inakuwa uji.

Yageuzwe kwanza kuwa biodizeli. Mafuta makavu lita 10, methanoli (aina ya spiriti) lita 2, kostiki soda gramu 35. Yeyusha soda ndani ya methanoli, nje penye upepo, mbali na moto. Mvuke wa methanoli ni sumu. Sufuria ya aluminiamu usiiguse, soda inaila. Pasha mafuta nyuzi 55, changanya, koroga saa nzima, acha usiku kucha. Gliserini ya kahawia ikituama, ifungulie chini. Ya juu osha kwa maji ya vuguvugu mpaka maji yatoke safi, kisha kausha.

Mleta mada: Wengine wanaishia kupata sabuni tupu. Kosa liko wapi?

Fundi nozeli: Maji au asidi. Mbegu zilizolala kwenye unyevu zina asidi nyingi, nayo inaimeza soda kabla ya kazi kuanza. Pima asidi kwanza, ongeza soda kulingana na kipimo. Asidi ikizidi sana, mafuta hayo hayafai kwa njia hii.

Mkulima: Mimi shida yangu ni shamba. Lita moja inataka kilo 4 hadi 5 za mbegu. Tuliambiwa mbono unastahimili ardhi kavu. Kustahimili ni kweli, lakini kuzaa ni jambo lingine! Kisarawe, mkoani Pwani, kampuni ya Sun Biofuels ilipewa zaidi ya hekta 8,000 za kulima mbono. Mwaka 2011 mradi ukaanguka, ardhi ya wanakijiji ikabaki mikononi mwa wengine. Na mashudu yake ni sumu, ng'ombe hali.

Mleta mada: Sisemi mashamba makubwa. Nasema mbegu za mbono wa uzio, ambazo sasa zinaozea chini.

Mkulima: Za uzio, sawa. Heka ya mahindi, hapana.

Fundi nozeli: Basi anzeni na sehemu 20 za biodizeli kwa 80 za dizeli. Biodizeli inang'oa uchafu wa zamani tangini, filta itaziba mapema. Wekeni mbili za akiba. Paipu za mpira wa kawaida zinavimba na kuvuja, zibadilisheni kabla.