Wakala wa safari Kampala kaniuzia kiti, tiketi ya treni hakuna!

Wakuu, leo sitaki pole. Nataka mnaopanga safari za nje mfungue macho, na huyu bwana kama yumo humu asome mpaka mwisho.

Mdogo wangu anasoma Milan. Nilipanga kwenda kumwona, na siku moja kati ya hizo tupande ile treni nyekundu ya milimani, Bernina Express, kutoka Tirano upande wa Italia hadi St. Moritz, Uswisi. Mwendo wa saa mbili na ushee, haina makuu. Nikaenda ofisi moja katikati ya jiji, ukuta mzima mapicha ya Dubai. Kijana ananiambia, "Nyabo, niachie mimi, wewe kazi yako kupanga sanduku."

Haya, risiti yake hii hapa. Mstari wa kwanza: "Treni, watu wawili, kwenda na kurudi." Nikalipa. Juzi mdogo wangu kahakiki, kumbe kilicholipiwa ni kiti peke yake! Treni ile ina malipo mawili: nauli ya reli, na ada ya kuweka kiti kwenye yale mabehewa ya vioo mpaka karibu na dari. Una kiti huna nauli, kondakta akipita unahesabiwa umedandia. Nampigia wakala, ananijibu eti nauli mtalipa hukohuko. Hukohuko wapi, na wewe umeandika kwenda na kurudi?

Mstari wa pili ndio ulionipandisha presha: "Ada ya kuvuka mpaka." Mpaka gani, bwana? Kaona tumezoea Malaba na Busia, foleni, mihuri, basi tutatoa hela bila kuuliza. Italia na Uswisi zote zimo Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza ya pamoja, viza moja inatosha. Treni inatoka Tirano inaingia Campocologno upande wa Uswisi, hakuna dirisha la kulipia chochote. Pasipoti unabeba, maana unaweza kuombwa, lakini ada? Hiyo ada ilivuka kutoka mkoba wangu ikaingia mfukoni mwake, basi.

Viza yenyewe pia kaiharibu. Kanuni inasema unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Mimi nalala Milan siku zote, Uswisi naenda asubuhi narudi jioni. Yeye kajaza fomu za Uswisi "kwa sababu treni ni ya Waswisi". Banange! Maombi yamekwama, naanza upya, na sasa anataka nitoe tena yuro 90 za ada, zaidi ya laki tatu na nusu zetu.

Linaloniuma kuliko yote ni kwamba hata hicho kiti sikukihitaji. Zipo treni za kawaida za reli hiyohiyo, zinapita njia ileile: daraja la Brusio linalojikunja duara zima kama chatu, kituo cha Alp Grüm, ziwa la Lago Bianco, hadi kituo cha Ospizio Bernina kwenye mita 2,253. Tirano iko mita 429 tu, piga hesabu treni inavyopanda, tena bila reli ya meno, ile ya katikati ambayo gurudumu la meno huing'ata ili treni isiteleze! Njia ile imo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2008. Kwenye treni za kawaida hulazimiki kuweka kiti, unanunua nauli unapanda. Ukitaka unashuka Alp Grüm, unakunywa chai ukiangalia barafu, unasubiri inayofuata. Na baadhi ya madirisha yake yanafunguka, wakati yale ya mabehewa ya vioo hayafunguki, ukipiga picha unapata sura yako mwenyewe kwenye kioo. Yote haya wakala hakunitajia hata moja.

(Reli ile ina upana wa mita moja, sawasawa na hii yetu ya zamani ya Malaba hadi Kampala. Na njia yetu ya kwenda Nairobi inapanda pale Timboroa, Kenya, zaidi ya mita 2,700, juu kuliko huko Bernina! Ila treni ya abiria ya Kampala kwenda Nairobi hakuna, tunapanda ndege kushangaa milima ya wenzetu. Hiyo ni hasira nyingine, ina uzi wake.)

Nimempa mpaka Ijumaa. Arudishe ada ya mpaka yote, na ama alipe nauli aliyoiandika kwenye risiti, ama arudishe hela ya viti. Ada ya viza ya mara ya pili ni juu yake.

Akigoma naenda mahakamani kwa utaratibu wa madai madogo. Ninachomdai hakifiki shilingi milioni 10, na kule huhitaji wakili. Aliyewahi kupita njia hiyo anisaidie: barua ya kumdai inaandikwaje, na risiti ya kuandikwa kwa mkono, isiyo na muhuri, wanaikubali?