Barua ya Tumaini kwenye kikundi cha ukoo

Tumaini (Uyole), 1:12 usiku: Shikamooni wakubwa. Shangazi, samahani kwa usumbufu wa usiku. Ile barua ya ufadhili mwisho ni kesho saa 6 mchana, na kuna sentensi imenigomea tangu jioni. Wanataka nieleze kwa nini niliacha masomo mwaka ule. Nimeandika: "I left school because of my grandfather falling sick." Mwenzangu anasema lazima iwe "my grandfather's falling sick". Mwingine anasema zote mbili hazifai.

Shangazi Bupe (Mafinga), 1:15: Marahaba mwanangu. Hunisumbui hata kidogo. Ngoja niipue maharage, nakuja.

Baba Mdogo (Makambako), 1:17: Marahaba Tumaini. Mimi naona ile ya kwanza iko sawa. Kwenye redio Waingereza wenyewe wanasema hivyo.

Shangazi Bupe, 1:26: Mdogo wangu, umesikia vizuri. Wanasema hivyo, na wengi wanaandika hivyo. Mwaka 1906 ndugu wawili Waingereza, Henry na Francis Fowler, waliikemea sana sentensi ya namna hiyo. Hoja yao ni kwamba "falling" pale imeganda katikati, si nomino kamili wala si kitenzi kamili. Baadaye Otto Jespersen, mtaalamu wa lugha wa Denmark, akaitetea, akatoa mifano ya waandishi wazuri walioitumia miaka mingi. Kwa hiyo si kosa la kumchekea mtu. Lakini barua rasmi inasomwa na mtu usiyemjua, na huenda akawa upande wa akina Fowler. Tumaini, weka umilikishi: "his falling", si "him falling".

Tumaini, 1:28: Kwa hiyo ni "my grandfather's falling sick"?

Shangazi Bupe, 1:31: Umilikishi umekaa. Sasa isome kwa sauti. Unasikia inavyokwaruza? Ni kwa sababu hiyo "falling sick" ina nomino yake tayari, "illness". Kiingereza kikishakuwa na nomino iliyokomaa, jerandi, yaani kitenzi cha "-ing" kinachotumika kama nomino, baada ya "my" au "his" inakuwa kama mtu aliyeingia sebuleni na mabuti ya shamba. Nani aseme "his arriving" na "his arrival" ipo? "Their refusing" na "their refusal" ipo?

Atu (Dar), 1:32: Basi kanuni hiyo hapo. Nomino ikiwepo, chukua nomino. Tumaini andika "illness" ukalale.

Shangazi Bupe, 1:33: Atu mwanangu, usifunge mlango mapema.

Shangazi Bupe, 1:41: Chukueni Kiswahili chetu. Tunasema "kulima kwake mahindi", halafu tunasema "kilimo chake cha mahindi". Angalieni hapo katikati. "Kulima" inabeba mahindi yenyewe, haiombi msaada. "Kilimo" haiwezi, mpaka iwekewe "cha". Tena tunasema "kulima kwake vizuri" lakini "kilimo chake kizuri". Cha kwanza bado kina damu ya kitenzi, kwa hiyo kinapokea "vizuri". Cha pili kimeshakuwa kitu, kinataka kivumishi. Kiingereza ni hivyo hivyo kabisa. "His refusing the money", pesa imeshikwa moja kwa moja. "His refusal of the money", lazima "of" iingie. "His leaving suddenly", lakini "his sudden departure". Mtoto wa Mbeya anayelijua hili kwa lugha yake hana sababu ya kuliogopa kwa lugha ya watu. Nimefundisha miaka mingi, na kinachoniuma ni kuona watoto wanakaririshwa orodha ya maneno wakati jambo lenyewe wanalo mdomoni tangu utotoni.

Baba Mdogo, 1:43: Hapo kwenye kilimo nimekuelewa kabisa dada.

Tumaini, 1:47: Nimeelewa shangazi. Kuna sehemu nyingine basi. Nimeandika "my care for him". Nilikuwa nimeandika "my caring for him", nikaifuta kwa sababu ya hiyo kanuni ya Atu.

Shangazi Bupe, 1:52: Irudishe. "My care for him" mtu anaweza kuisoma kama mapenzi tu, kwamba ulimjali babu. Sote tulimjali. "My caring for him" ni kazi ya mikono: kumwogesha, kumgeuza, kumnywesha uji wa ulezi kijiko kwa kijiko. Ndicho ulichofanya. Nomino ipo, lakini inasema kitu kingine. Ni kama "his painting". Ukiiacha peke yake, msomaji hajui kama ni picha iliyoko ukutani au ni kule kuchora kwenyewe.

Atu, 1:53: Kumbe. Naifuta kanuni yangu.

Shangazi Bupe, 1:54: Usiifute yote. Kwenye "decision" inakufaa. "My decision to leave school", hapo usijaribu "my deciding".

Tumaini, 2:05: Sentensi ya mwisho ya aya hiyo ndiyo inanipa shida kuliko zote. Nimeandika "His death changed me." Ni kweli lakini naona haijasema.

Shangazi Bupe, 2:19: Nimekaa nayo kidogo.

Shangazi Bupe, 2:24: "Death" ni usiku ule mmoja. Simu ya saa 9, mimi na virago vyangu kituoni kabla hakujapambazuka, nakuta turubai limeshafungwa mgombani. Mimi nilifika kwenye "his death". Wewe ulikuwa na Baba miezi 4, mvua ya Tukuyu juu ya bati usiku kucha, na yeye akigonga fimbo mara mbili kwenye mguu wa kitanda akitaka maji. Kiingereza kina neno la miezi ile, nalo ni "his dying". Hapa nomino iliyokomaa ipo, fupi, nzuri, na bado siyo unayoitafuta. Kama ni kule kuondoka kidogo kidogo ndiko kulikokubadilisha, andika "dying" bila woga.

Baba Mdogo, 2:26: Ile fimbo ninayo hapa Makambako.

Neema (Tukuyu), 2:38: Nimemsomea Bibi yote. Anasema niandike maneno yake kama yalivyo: "Kuugua kwake tulikuona wote, hata majirani walikuwa wanakuja kukuona. Ila usiku ule nilikuwa nimelala. Alikuwa macho Tumaini peke yake. Mwacheni aandike anavyojua."

Tumaini, 2:40: Asante sana Bibi. Ndaga fijo.

Tumaini, 3:15: Nimeandika hivi: "I left school because of my grandfather's illness. His death came in one night. His dying took four months, and I was there for all of it." Halafu nimemalizia na "Thank you for your considering my application."

Shangazi Bupe, 3:21: Hizo tatu za mwanzo usiguse hata nukta. Ya mwisho toa "your". Baada ya "thank you for", mtendaji anajulikana, ni huyo huyo unayemshukuru. "Thank you for considering my application" inatosha. Ukitaka "your" ibaki, basi leta nomino: "Thank you for your consideration." Zote mbili ni za adabu. Mimi napenda ya kwanza kwa sababu inataja maombi yako.

Tumaini, 3:24: Nachukua ya kwanza.

Atu, 3:25: Angalia na jina lako liwe kama lilivyo kwenye cheti.

Tumaini, 3:26: Liko sawa kaka.

Shangazi Bupe, 3:27: Tuma, mwanangu. Usingoje kesho, umeme wa Uyole tunaujua.

Tumaini, 3:41: Imeenda.

Neema, 3:44: Bibi anauliza kama umekula.