0 NI KURUDI AO 0 NI KUBALI??? Menyu ya simu imeniaibisha mbele ya mama wa sambaza

Petit_Kadutu:
Batu ya Bukavu, ile kampani ya simu munaijua, siitaje. Asubui niko soko ya Kadutu, mama amekwisha kunipimia sambaza, zile samaki ndogo za ziwa, ameshafunga mu sashe, niko nalipa na simu yangu ya tochi, kioo kadogo kama kisanduku ya kiberiti. Napiga kode, inaleta mistari 5, ya 6 imekatwa "Kulip". Kulip nini?? Finya 9 uende mbele, mbele ni mega, loto, nyimbo, kulipa wameifukia chini kama maiti. Sasa kila ukurasa 0 ni kurudi. KILA ukurasa! Ya 4 tu njo 0 ni KUBALI. Nafinya 0 nirudi, inajibu asante umenunua wimbo, ile mwenye anakupigia anasikia. Franka 2000! Hata kuuliza "una hakika" hapana! Mama anasema, papa, uko nalipa ao uko nacheza? Ananibipu aone kama simu inatembea, yeye njo mutu wa kwanza kusikia ule wimbo. Akafungua sashe, sambaza zikarudi mu beseni. Moja moja, ananiangalia. 0 ni KUBALI, batu ya Mungu!!

Fundi_Nyawera:
Ukurasa moja ya kode haibebe zaidi ya alama 182, njo maana inakatwa.

Petit_Kadutu:
"1 Kulipa" ni alama 8 kaka! Zingine 174 waweke loto yao!

Chukudu_Bila_Frein:
Mutu mzima ananunua sambaza na kode 😂 toa franka mu mufuko kama sisi

Maman_Jumelles:
Afadhali wewe. Koko yangu Kifaransa hajui, na Kiswahili iko ukurasa ya mwisho, imeandikwa "Langue". Akitafuta lunette zake, akizipata, menyu imeshajifunga, anza tena na ile kode.

Chukudu_Bila_Frein:
Wimbo gani lakini?

Petit_Kadutu:
Sisemi.

Mwana_Goma:
Sambaza ya Kadutu yenyewe nusu mchanga, huyo mama amekuokoa

Maman_Jumelles:
Wee Goma unyamaze, zenu munauzaga za jana

Mwana_Goma:
Za jana?? Kuja soko yetu ya Kituku asubui uone

Petit_Kadutu:
Tuko naongea menyu hapa!! 0 ni

Fundi_Nyawera:
Beseni siku hizi ni ngapi kwani?

Chukudu_Bila_Frein:
Nimekubipu mara 3 Petit. Usitoe ule wimbo.