Kutumia EBow kwenye gitaa la besi: uzi mnene hauitiki

Mpigabesi wa Unguja:
Habari zenu wapenzi wa muziki. Ninapiga gitaa la besi la nyuzi nne katika kikundi cha taarab, na kwa kuwa hatuna besi kubwa la kusimama la kupigia upinde, nimenunua EBow, kifaa kidogo cha kushikwa mkononi kinachotikisa uzi kwa sumaku, ili nipate noti ndefu zisizokatika katika nyimbo za taratibu. Kwenye gitaa la kawaida la mwenzangu kifaa hiki kinafanya kazi papo hapo, lakini kwenye besi uzi wa G, ulio mwembamba kuliko zote, unaitika kwa kusitasita na uzi wa E, ulio mnene kuliko zote, hauitiki kabisa, ingawa betri ni mpya. Je, kasoro iko kwenye kifaa, kwenye nyuzi, au kwenye mkono wangu?

Fundi Magitaa:
Ndugu yangu, kifaa chako hakina kasoro. EBow ilibuniwa na Mmarekani Greg Heet mwaka 1969 kwa ajili ya gitaa la kawaida, na ndani yake mna koili mbili: moja husikiliza mtikisiko wa uzi, na nyingine, baada ya ishara hiyo kukuzwa kwa nguvu ya betri ya volti 9, huurudishia uzi msukumo wa sumaku kwa wakati unaolingana na mtikisiko wake, kama mtu anayemsukuma mtoto kwenye pembea kila anaporudi. Uzi wa besi ni mzito, kwa hiyo misukumo mingi zaidi inahitajika kabla haujachangamka. Uzi wa G wa besi ukiwa wazi hutoa takriban Hz 98 (yaani mitikisiko 98 kwa sekunde), ambayo ni juu kidogo ya uzi mnene kabisa wa gitaa wenye Hz 82, na ndiyo maana unaitika. Ule wa E uko Hz 41 tu. Anza na G na D, na uuache E kwa sasa. Hakikisha pia kwamba nyuzi zako ni za chuma au nikeli, kwa sababu nailoni haivutwi na sumaku.

Besi Bila Freti:
Ninaongezea suala la mkono, kwa sababu naona hapo ndipo penye ugumu mkubwa zaidi. Kwenye gitaa, mifereji miwili ya EBow hukaa juu ya nyuzi za jirani, na kifaa chenyewe hupata kimo na shabaha yake. Kwenye besi nyuzi zimeachana mno, kwa hiyo wewe ndiye unayepaswa kukishikilia. Egemeza kiganja au kidole cha mwisho kwenye mwili wa besi, elekeza mwanga mdogo wa kifaa katikati ya uzi, kisha kishushe polepole hadi kiukaribie bila kuugusa, kwani kikiugusa utasikia mkwaruzo. Usingoje uzi uanze wenyewe: gonga noti kwa nguvu kwa kidole cha mkono wa kushoto, ndipo kifaa kiidake na kuiendeleza. Noti za kuanzia freti (kijiti cha chuma kilichopita shingoni) ya 7 kwenda juu huitika upesi zaidi. Nyuzi nyingine zizimwe kwa vidole vilivyobaki, la sivyo zitavuma pamoja na noti yako.

Ukitaka kusikia uwezo wa kifaa hiki kwenye besi, msikilize Michael Manring wa Marekani, ambaye amekitumia kwa miaka mingi.

Mpigabesi wa Unguja:
Ahsanteni sana. Kugonga kwanza kumebadilisha mambo: sasa uzi wa G unashika kila mara, na wa D unafuata baada ya kusubiri kidogo. Lakini nikisogea karibu na pikapu, ile sumaku ya besi inayonasa mtikisiko wa nyuzi, sauti inapanda ghafla na kuanza kukwaruza. Nikae mbali nayo?

Fundi Magitaa:
Usiikimbie, itumie. Punguza sauti ya besi kwanza, kisha anza noti karibu na shingo, mbali na pikapu, na usogee kuielekea taratibu pale wimbo unapohitaji kupanda. Hivyo utapata sauti inayokua na kupungua bila kugusa kitu kingine. Kama kifaa chako ni toleo lenye swichi ya hamoniki, iache kwanza upande wa kawaida, kwa kuwa upande wa pili hutoa sauti za juu kuliko noti unayoishika na utakuchanganya unapojifunza kulenga.